Matiti yamefura na mimba, mavyaa anataka nichanjwe chale

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 24, naishi Tanga mjini, Ngamiani, nyumbani kwa mavyaa wangu. Mume wangu ni mvuvi, yuko dago na hatarudi mpaka mwezi uishe. Hii ni mimba yangu ya pili. Ya kwanza iliharibika tumbo likiwa bado halijaonekana, ndiyo maana hii nyumba nzima inaisubiri kwa hamu. Sasa ina wiki 22.

Shangazi, shida yangu ni matiti. Najua kila mwenye mimba matiti hukua, hilo nilifundwa. Yangu yamezidi. Nilikuwa mwembamba mwenye kifua cha kawaida tu. Mimba ilipofika miezi mitatu sidiria zikaanza kukataa kufunga. Nikanunua nyingine ya mtumba pale Mgandini, haikuchukua muda nayo ikakataa. Iliyofuata ilikatika mikanda. Sasa hakuna inayonienea, nayafunga kwa kanga, naipitisha chini kisha napiga fundo nyuma ya shingo, na hilo fundo limenichubua mpaka nikigeuza kichwa nasikia moto. Nikikaa yanalala mapajani. Ngozi imevutika inang'aa, mishipa ya kijani imetokeza kila mahali, na chuchu zimetandazika hata sizitambui.

Asubuhi nilikuwa nauza vitumbua barazani. Nimeacha, kwa sababu nikiinama jikoni sikioni kikaango, na joto la moto linanichoma kifuani nikiwa bado mbali. Usiku nalala nimekaa, nimeegemea ukuta na mito. Nikilala chali pumzi haiji.

Siku hizi chache zilizopita, chini ya titi la kushoto, pale linapogusana na tumbo, ngozi imechanika. Pana kidonda kinachotoa maji na harufu. Nikiweka kitambaa kinanata, nikikibandua machozi yananitoka.

Kliniki sijakosa hata mara moja. Nikipimwa uzito, kilo zinapanda, nesi ananisifu kwamba mama anakula vizuri. Nilipomwambia matiti yananiuma alicheka akasema, "Maziwa hayo mama, mshukuru Mungu, mwanao atashiba." Nilikuwa na baibui langu, hakuniambia nivue, nami niliona haya kumwonyesha. Lakini Shangazi, mimi mwenyewe najiona nimekonda. Mikono imekuwa miembamba, pete ya ndoa inazunguka kidoleni. Nina kiu isiyoisha, choo kimekuwa kigumu, na mchana usingizi unanibeba hata nikiwa nazungumza na watu.

Mavyaa si mtu mbaya, tena ananipenda, anaamka usiku kunigeuzia mito. Ila yeye anaamini ni kijicho. Kuna jirani tuligombana naye kwa ajili ya wateja wa vitumbua, basi mavyaa anasema huyo ndiye aliyenitupia. Kwanza nilisomewa, nikanywa kombe. Haikusaidia. Sasa amempata fundi kutoka upande wa Muheza, atakuja Alhamisi kunichanja chale kwenye matiti yote mawili na kunipaka dawa ili kilichotumwa kitoke. Wifi yangu ananiambia nisikatae, nitaonekana mjeuri na mtoto akipata jambo nitalaumiwa mimi.

Mume wangu hajui kitu. Akipiga simu ya video nainyanyua juu aone uso tu. Naogopa siku akirudi ataona nini. Na hospitali naogopa vilevile, kwa sababu shoga yangu kaniambia watayakata, na mtoto atazaliwa hana ziwa la kunyonya.

Je, huu ni ugonjwa au ni kijicho kweli? Nikubali kuchanjwa? Na nikienda hospitali, ni kweli watayakata?

Mwanao, Ngamiani


Marahaba mwanangu. Barua yako nimeijibu kabla ya zote.

Naanza na Alhamisi. Usikubali wembe uguse matiti hayo, hata wembe mpya, hata chale moja ndogo. Titi lililofura hivyo limejaa damu, na ile mishipa ya kijani unayoiona ndiyo inayoipitisha. Mkato ambao mkononi ungekauka wenyewe, hapo unaweza kuvuja damu ikakataa kusimama. Ngozi imevutwa mpaka imekuwa nyembamba, kwa hiyo kidonda hakina nyama ya kukifunga, kila ukisimama uzito unakivuta na kukifungua upya. Na dawa ya kupaka ikiingia kwenye mkato inaingia na vijidudu vyake, ndani ya ngozi iliyovutwa mpaka damu haiifikii sawasawa, ijapokuwa titi lenyewe limejaa damu. Hapo ndipo panapotungika usaha, na usaha ukiingia kwenye damu unaweza kumuua mama na mtoto wake. Majani ya kubandika ya moto na kukandwa kwa maji ya moto navyo viache, ngozi hiyo inaungua upesi.

Wala usingoje Alhamisi ipite. Kidonda chenye harufu, kushindwa kulala, kiu ile na usingizi ule, vyote hivyo kwa mwenye mimba ya wiki 22 ni safari ya hospitali leo, na ukisoma haya usiku basi kesho alfajiri. Panda bajaji uende Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Zahanati si mahali pa tatizo hili. Ukifika usiseme "matiti yananiuma", maana wajawazito wote husema hivyo. Sema: "Matiti yamekua kupita kiasi kwa miezi miwili, yamechanika, yanatoa maji, na siwezi kulala chali." Kadi ya kliniki iwe mkononi.

Sasa nikujibu swali lako. Huu ni ugonjwa, na una jina. Madaktari wanauita jigantomastia ya ujauzito, yaani matiti kukua kupita kiasi kwa sababu ya mimba. Katika mimba ya kawaida matiti huanza kujaa mapema, chuchu huwa nyeusi zaidi, mishipa huonekana kidogo, na mama hupanda saizi moja au mbili za sidiria. Katika ugonjwa huu, mara nyingi kuanzia mwisho wa miezi mitatu ya kwanza, yanakua kwa majuma machache mpaka mwili unashindwa kuyabeba. Madaktari wengine huhesabu kuwa ni ugonjwa pale kila titi linapoongezeka zaidi ya kilo 1.5, wengine hupima kwa kulinganisha na uzito wa mwili mzima. Wewe hesabu hizo zisikushughulishe. Ngozi iliyochanika imeshasema.

Kinachousababisha hakijulikani kwa hakika. Linaloaminiwa zaidi ni kwamba nyama ya titi ya baadhi ya wanawake inaitikia homoni za mimba kwa nguvu isiyo ya kawaida. Prolaktini, ile homoni ya maziwa, wengine huwa nayo juu na wengine huwa nayo ya kawaida kabisa, na bado matiti yanafura. Kwa hiyo hakuna chakula ulichokula, hakuna miiko uliyovunja, na hakuna ulilokosea kwenye ile mimba iliyoharibika lililokuletea haya.

Kuhusu jirani yako, moyo wake siujui. Ninalolijua ni kwamba maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu ambayo madaktari huyataja ni ya Palmuth, mwaka 1648, na tangu hapo umeonekana kwa wanawake wa nchi nyingi ambao hawajawahi kusikia habari za vitumbua vya Ngamiani. Ni nadra. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya mimba moja katika 28,000 na mimba moja katika 100,000. Mwambie mavyaa hivyo, kwa upole. Na ugomvi na jirani mmalize tu kwa salamu, maana mwenye mimba hahitaji mzigo huo juu ya alionao.

Unadra huo ndio unaonifanya nisimhukumu sana yule nesi. Inawezekana kabisa hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii tangu aanze kazi. Lakini alipaswa kukuambia uvue. Wanawake wetu wa pwani tunaingia kliniki na baibui, tunapimwa tumbo kwa kuinua nguo kidogo, tunashuka kitandani, tunarudi nyumbani na ugonjwa wetu ukiwa umefunikwa. Haya ni jambo jema, nami nimelelewa nayo, ila mbele ya mkunga haina kazi. Omba nesi wa kike, omba pazia livutwe, halafu vua yote ya juu akuone mbele, pembeni na chini ya titi pale kidonda kilipo.

Kuna jambo kwenye barua yako limenikaa moyoni kuliko kidonda. Unasema kadi inaonyesha kilo zinapanda na huku pete inazunguka kidoleni. Mwanangu, mizani ya kliniki inapima vyote kwa pamoja. Haitenganishi kilo za mtoto, kilo zako na kilo za matiti. Inaweza kupanda kila mwezi huku wewe mwenyewe unapungua, na mtoto naye hapati sehemu yake. Katika ugonjwa huu wapo watoto waliobaki wadogo tumboni kuliko umri wa mimba. Kwa hiyo usitulizwe na kilo. Omba tumbo lipimwe kwa futi na namba iandikwe, omba na ultrasaundi ya kupima ukuaji wa mtoto, na irudiwe baada ya majuma machache ili walinganishe. Wapime na mkono wako, sehemu ya juu, kwa utepe. Huo hauhadaiwi na matiti.

La pili ni ile kiu, choo kigumu na usingizi. Vinaweza kuwa ni joto la Tanga na mimba yenyewe. Vinaweza pia kuwa ni kalsiamu iliyopanda kwenye damu, jambo ambalo limeonekana kwa baadhi ya wenye ugonjwa huu, kwa sababu nyama ya titi iliyokua hivyo huweza kutoa kemikali inayotoa kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Ikipanda sana inachanganya akili na kuharibu mapigo ya moyo, na inamgusa hata mtoto. Dalili hizo zitaje kwa daktari zote tatu, uombe kalsiamu ipimwe. Na kama kuna mtu amekununulia vidonge vya kalsiamu au vya "kuimarisha mifupa" duka la dawa, visimamishe mpaka majibu yatoke. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki endelea navyo, ila mwambie daktari kwamba choo ni kigumu.

Hospitali watafanya nini? Watapima damu: wingi wa damu, dalili za maambukizi, homoni, ini, figo na hiyo kalsiamu. Watapiga ultrasaundi ya matiti, ambayo haina mionzi na haimdhuru mtoto. Na huenda wakataka kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano wakakipime. Hapo usikimbie. Wanataka kuhakikisha kwamba si kitu kingine kilichojificha humo, mfano jipu, au uvimbe wa aina nyingine, au saratani. Sikuambii haya kukutisha. Kuna saratani ya tezi iitwayo limfoma ya Burkitt, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda wamevimba taya. Kwa mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha, saratani hiyo huweza kushika matiti yote mawili yakafura kwa kasi, na kwa macho ukafikiri ni jambo moja na hili lako. Dawa yake ipo na huitikia vizuri ikianza mapema. Haiwezi kuanza kama hakuna aliyepima. Hata kama ni jigantomastia, na kwa maelezo yako ndiyo inayoelekea zaidi, kipimo ndicho kitakachokulaza usingizi.

Halafu ndiyo lile uliloogopa. Watayakata? Kwa wengi matibabu huanza bila kisu. Kidonda kinasafishwa na kufungwa, unapewa dawa za kuua vijidudu zisizomdhuru mtoto, unapewa ya maumivu, matiti yanafungiwa kitu cha kuyabeba. Ipo na dawa iitwayo bromokriptini, inayoishusha prolaktini. Kwa baadhi ya wanawake imesimamisha ukuaji, kwa wengine imepunguza kidogo, kwa wengine haikufanya kitu, na hakuna anayeweza kukuahidi wewe utakuwa kundi gani. Huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na haimfai mwenye presha ya mimba isiyotulia, kwa hiyo haiendi kununuliwa dukani kwa kuambiwa na mtu. Ni ya daktari, naye atakufuatilia.

Upasuaji wakati wa mimba huja pale damu inapovuja bila kukoma, nyama inapokufa, maambukizi yanaposhinda dawa, au mama anaposhindwa kupumua. Ikifika huko, daktari ataamua kati ya kuyapunguza na kuyaondoa, na Tanga wanaweza kukupa rufaa kwenda KCMC Moshi au Muhimbili kwa mabingwa. Nakuambia wazi, mwanangu: ikiwa siku hiyo itafika na daktari akasema ni maisha yako, ukubali. Kifua kinaweza kutengenezwa baadaye. Na damu itahitajika, kwa hiyo shemeji zako na kaka zako wajiandae kuchangia, wasingoje kuombwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kama hayo hayatatokea, basi hungojwa ujifungue, matiti yashuke yenyewe kwa miezi kadhaa, ndipo ionekane kilichobaki. Hushuka baada ya mimba, ingawa kwa wengi hayarudi yalivyokuwa, na hapo wanaotaka hupunguziwa kwa upasuaji wa kupangwa.

Mtoto na ziwa. Bromokriptini hukausha maziwa, na hata bila dawa hiyo daktari huenda akakushauri usinyonyeshe ili matiti yapungue na kidonda kipone. Wapo walionyonyesha, lakini usijiwekee nadhiri. Mtoto asiyepata ziwa la mama hupewa maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga, kwa maji yaliyochemshwa, kwa kikombe kidogo kilichooshwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Maziwa ya ng'ombe hapana, uji mwepesi hapana. Nesi wa wodi ya wazazi atamfundisha mavyaa kumnywesha, na nadhani atafurahi kupata kazi hiyo kuliko unavyodhani.

Wakati unajiandaa kwenda, na hata baada ya kurudi, ule mtindo wa fundo nyuma ya shingo uache. Shingo haikuumbwa kubeba kilo hizo. Chukua kanga mbili, moja ipite chini ya matiti yote mawili na kuzunguka mgongoni, nyingine ikunjwe pana, ipite juu ya mabega na kukutana nyuma, ili uzito ukae begani. Kisha mtafute fundi cherehani wa kike, akushonee sidiria ya kitambaa cha pamba, yenye mikanda mipana kama kiganja na vifungo mbele ili usihangaike kujipinda. Kwenye mkunjo wa chini osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ukaushe kwa kugusagusa bila kusugua, uweke kitambaa safi cha pamba kati ya titi na tumbo, ubadilishe kila kikilowa. Kitambaa kikinata kiloweshe kwanza kwa maji safi ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kitabanduka bila machozi. Usiweke poda, mafuta ya nazi, wala majivu. Kulala, jaribu ubavu wa kushoto, mto mmoja chini ya titi la juu, mwingine mgongoni. Maumivu yakizidi kunywa parasetamoli kwa kipimo chake. Diklofenaki na ibuprofeni achana nazo, kwa umri wa mimba yako zinaweza kudhuru figo za mtoto na mshipa wa moyo wake, hata kama muuza duka anasema kila mtu hunywa.

Ukiwa nyumbani ukaona homa na kutetemeka, damu inayolowesha kitambaa baada ya kitambaa, ngozi imegeuka nyeusi, pumzi inakata hata umekaa, akili inachanganyikiwa, mtoto amepunguza kucheza, au uchungu na majimaji kabla ya wakati, usimngojee mtu. Nenda usiku huohuo. Na ukifika hospitali ukarudishwa na vidonge vya maumivu tu, usitoke getini. Omba kwa adabu kuonwa na daktari wa magonjwa ya wanawake, uonyeshe kidonda tena.

Mavyaa wako usipigane naye. Mwanamke anayeamka usiku kukugeuzia mito anakutakia heri, na anaogopa mimba hii isiende kama ile ya kwanza. Kaa naye, umwambie: "Mama, dua tuendelee nayo, nisomee hata tukiwa njiani. Lakini kuchanjwa hapana mpaka daktari anione. Naomba twende wote." Umchukue kweli. Aingie chumbani, aione ultrasaundi, ayasikie maneno kwa daktari mwenyewe. Wifi yako anasema utaonekana mjeuri. Mwambie nimesema mimi, aliyekutuma ni Shangazi, lawama aniletee. Na yule fundi wa Muheza apigiwe simu leo asifunge safari.

Mume wako anapaswa kujua, na ni bora asikie kwa mdomo wako kabla hajasikia kwa mtu pwani. Hujamficha hawara, umemficha maumivu. Anayevuta nyavu usiku kucha kwa ajili ya tumbo hilo hawezi kuambiwa mambo yakiwa yamekwisha. Leo akipiga, usiinyanyue simu juu. Mwambie una ugonjwa wa matiti uliokuja na mimba, una jina, unakwenda Bombo, na unamhitaji awe karibu kwa ajili ya nauli, damu na mama yake. Hofu yako kwamba atachukizwa naielewa. Mwanamke aliyebadilika mwili kwa majuma machache huona kila jicho linamcheka, na najua mtaani wapo wanaocheka kweli, wanaosema umebarikiwa, wanaopiga mbinja. Hao Mungu awasamehe, maana mtu anayelala ameegemea ukuta si wa kuchekwa. Ukiona huzuni haiondoki, hutaki kula, au unapata mawazo ya kujidhuru, mwambie daktari pamoja na yale mengine yote.

Limebaki la mbele, nalo sitaki ulisikie umechelewa. Ugonjwa huu hurudi mara nyingi kwenye mimba inayofuata, hata kwa aliyepunguzwa matiti, kwa sababu nyama iliyobaki bado inaitikia zile homoni. Ukishajifungua salama, kabla hujatoka wodini, wewe na mumeo mzungumze na daktari juu ya uzazi wa mpango unaokufaa. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kiulizie. Si lazima uamue leo kama utazaa tena. Ila ukishika mimba nyingine, usingoje miezi mitatu. Ile siku ya kufungua kadi mpya ya kliniki, jambo la kwanza kumwambia nesi liwe hili, na aliandike kwenye kadi ukiwa umekaa mbele yake.

Shangazi